Aliyezaliwa Hawaii Anaweza, Aliyezaliwa Kericho Hawezi

Barack Obama, mzaliwa wa Honolulu, akiamua leo kuukana uraia wa Marekani, kuomba uraia wa baba yake na kujiandikisha kupiga kura kule Siaya, sioni neno katika Katiba ya Kenya litakalomzuia kuwania urais akishatimiza miaka kumi ya uraia. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo siku ya kuzaliwa kwake mama au baba yake alikuwa raia, awe alizaliwa Kenya au nje. Kwa waliozaliwa kabla ya Katiba ya 2010, yatosha kwamba mzazi mmoja ni raia au aliwahi kuwa raia. Baba yake Obama, mtu wa Kogelo, alikuwa Mkenya tangu uhuru hadi kifo chake mwaka 1982.

Sasa nichore mfano wa pili. Mama wa miaka hamsini na kitu anachuna chai nje kidogo ya mji wa Kericho. Alizaliwa katika nyumba za kampuni mwaka 1972. Mama yake pia alizaliwa humohumo, akafia humohumo. Anazungumza Kipsigis na Kiswahili, na Kinyarwanda amebakiza salamu tu. Babu yake aliletwa kutoka Rwanda enzi za Mwingereza kuja kuchuna majani mawili na chipukizi, na hakurudi. Mama huyu alipata cheti cha uraia mwaka 2021. Katiba ileile inayomfungulia mlango mtoto wa Honolulu inamwambia yeye kwamba ni raia, anaruhusiwa kupiga kura, anatozwa ushuru, lakini kiti cha urais asikitazame, hata aishi miaka mia.

Mama huyu ni wa kubuni, ila hali yake ni ya watu halisi. Mnamo Desemba 2020 serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza kwamba itawatambua Washona wapatao 1,670 na watu wapatao 1,300 wenye asili ya Rwanda, ambao walikuwa wameishi Kenya miongo mingi bila uraia wa nchi yoyote. Washona walikuja kama wahubiri kutoka kusini mwa Afrika. Katika hao wa asili ya Rwanda wamo watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Kabla yao, Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai haki hiyohiyo, na baada yao Wapemba wa Kilifi wakatambuliwa mwaka 2023.

Nilifurahi, na naendelea kufurahi. Asiyewahi kuishi bila kitambulisho hajui uzito wake. Bila kadi ile huna laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huna M-Pesa yako. Mshahara unapitia kwa mtu mwingine. Akaunti ya benki husogelei. Mtoto anafaulu mtihani kisha anakwama mlangoni pa chuo. Polisi akikusimamisha barabarani unakuwa huna la kuonyesha. Mtu anayeishi hivyo hawazi urais hata kidogo. Anawaza kufika Litein na kurudi bila kusumbuliwa.

Ndiyo maana wengi wanaliona suala la urais kuwa anasa. Wanauliza, ni nani katika hao watu 1,300 anayetaka kuingia Ikulu? Nadhani swali hilo limekosea mahali pa kuanzia. Kifungu cha 137, kinachotaka mgombea urais awe raia kwa kuzaliwa, hakisimami peke yake. Ndicho kidirisha kinachotuonyesha kwamba Kenya ina raia wa daraja mbili. Tazama Kifungu cha 17. Raia wa kuandikishwa anaweza kunyang'anywa uraia akihukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi ndani ya miaka mitano ya kuandikishwa kwake, au wakati wowote akitiwa hatiani kwa kosa ambalo sheria inaruhusu adhabu ya miaka saba au zaidi. Raia kwa kuzaliwa akitenda kosa hilohilo atafungwa, atamaliza kifungo, na atarudi nyumbani Mkenya. Mama yetu wa Kericho akinyang'anywa cheti chake atarudi wapi? Rwanda haimjui.

Halafu angalia linalotokea ndani ya familia moja. Binti ya mama huyu naye aliandikishwa mwaka 2021, pamoja na mwanawe wa kiume aliyezaliwa 2015. Mwaka 2022 akajifungua wa pili, msichana. Kwa kuwa mama yake alikuwa raia tayari, msichana huyu ni raia kwa kuzaliwa na siku moja anaweza kuwa rais. Kaka yake, wa tumbo lilelile, aliyezaliwa hospitali ileile, hawezi. Hakuna tofauti kati yao isipokuwa siku ambayo serikali iliamka kutoka usingizini.

Liko la kushangaza zaidi. Kifungu hichohicho cha 14 kinasema mtoto anayeokotwa Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na asiyejulikana wazazi wala utaifa wake, atachukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Kipengele hicho kina huruma na nakiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kinamaanisha kwamba mtoto aliyeachwa usiku kwenye stendi ya mabasi ya Kericho amesimama juu zaidi kisheria kuliko mtoto ambaye wazazi wake wanajulikana, jina la babu yake limo katika daftari la mizani ya chai, na jirani zake wote wanaweza kutaja tangu lini ukoo wake uko pale. Huyu wa pili ameadhibiwa kwa sababu anajulikana.

Sharti hili la kuzaliwa halikuwa nasi tangu uhuru. Katiba ya zamani ilitaka mambo machache kwa mgombea urais: awe raia wa Kenya, awe ametimiza miaka 35, awe ameandikishwa kupiga kura. Jinsi alivyoupata uraia haikuulizwa. Ni Katiba ya 2010, ile tunayoisifia kwa kupanua haki, iliyoubana mlango huu. Na sharti hilo liliingia kimya. Mwaka ule wa kura ya maoni, huku kwetu Kericho na Bomet, mikutano ilijaa na Bonde la Ufa likapiga kura ya La. Tulibishana ardhi, tukabishana utoaji mimba, tukabishana mahakama za Kadhi. Maneno mawili yale, "kwa kuzaliwa", hayakuwa ajenda ya upande wowote.

Asili ya sharti lenyewe iko mbali. Mwaka 1787, Wamarekani walipokuwa wakiandika katiba yao, John Jay alimwandikia George Washington barua akipendekeza uamiri mkuu wa jeshi usikabidhiwe mtu asiye raia kwa kuzaliwa. Taifa lilikuwa changa, na wafalme wa Ulaya walikuwa na desturi ya kupandikiza jamaa zao kwenye viti vya wengine. Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini wale waandishi walifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya: walimsamehe sharti hilo kila mtu aliyekuwa raia siku katiba ilipoanza kutumika. Kwa msamaha huo Alexander Hamilton, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis, angeweza kuwa rais. Walielewa kwamba taifa linapozaliwa linawakuta watu ndani tayari, na hao huwezi kuwauliza walitoka wapi.

Kenya ilipozaliwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, babu wa mama yetu alikuwa ndani tayari. Alifikaje? Ardhi hii ya chai ilikuwa ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliitwaa, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawagawia maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani maelfu ya ekari wapande kitani. Kitani kikashindwa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Mwaka 1934 serikali hiyohiyo ikatunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa orkoiyot, yaani viongozi wa kiroho, kwa kuwaona chanzo cha ukaidi wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa joto, mbung'o na njaa. Hawakuanza kurudi hadi uhuru ulipokaribia. Huku mwenyeji akiondolewa, kibarua alikuwa akiletwa kutoka Nyanza na kutoka mbali zaidi, hadi Rwanda. Mkono ulikuwa mmoja. Aliyetolewa na aliyeletwa wote wawili hawakuulizwa na mtu.

Nayasema haya kwa sababu najua jibu ninalopewa nikizungumza jambo hili Kapkatet au Mogogosiek. Tumenyang'anywa ardhi, sasa mnataka tugawe na kiti? Jibu hilo silidharau. Wakipsigis na Watalai mwaka 2022 waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamekwisha kuitaka nchi hiyo ijibu. Ni kesi ya haki na nina imani nayo. Lakini inatubana pia. Huwezi kumwambia Mwingereza kwamba miaka themanini na zaidi haifuti dhuluma, halafu ukamwambia jirani yako wa nyumba za kampuni kwamba miaka themanini na zaidi haimfanyi mwenyeji. Zaidi ya hayo, kiti cha urais si shamba. Hakigawiwi, kinaombwa kwa wapiga kura milioni nyingi, na kabla hata ya kufika kwenye karatasi ya kura mgombea anahitaji saini za wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti ya zaidi ya nusu ya kaunti zote. Mwananchi asiyemtaka ana uwezo wote wa kumnyima.

Sasa nifike kwenye sheria yenyewe, kwa sababu hapa ndipo naona mlango ambao haujafungwa kabisa.

Katiba ya uhuru ilikuwa na kanuni mbili. Aliyezaliwa Kenya kabla ya uhuru akawa raia moja kwa moja ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine waliozaliwa hapa walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, wajiandikishe. Kibarua asiyejua kusoma, anayeishi katikati ya shamba la watu, habari za tangazo kama hilo angezipata wapi? Wengi muda uliwapita. Lakini kanuni ya pili ilikuwa pana. Kila mtu aliyezaliwa Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963 alikuwa raia tangu siku ya kuzaliwa, isipokuwa watoto wa mabalozi na wengine wachache wa namna hiyo. Uraia wa wazazi wake haukuulizwa. Ndiyo kusema kwamba mama yetu, aliyezaliwa 1972, alikuwa raia wa Kenya. Hakuomba, hakupewa kwa hisani. Katiba yenyewe ilitamka hivyo.

Mwaka 1985 Bunge la chama kimoja likaibadilisha Katiba. Kuzaliwa nchini pekee kukaacha kutosha. Ikabidi mzazi mmoja awe raia. Na mabadiliko hayo yakarudishwa nyuma hadi siku ya uhuru. Msichana wa miaka 13, katikati ya chai ya Kericho, akapoteza uraia bila barua, bila kesi, bila hata kujua kwamba alikuwa nao.

Ndipo yanapoingia maneno ya Kifungu cha 14(2) cha Katiba ya sasa: mzazi ambaye ni raia au aliwahi kuwa raia. Kama mama huyu alikuwa raia kuanzia 1972 hadi 1985, basi watoto wake waliozaliwa kabla ya Katiba ya 2010 ni watoto wa mtu aliyewahi kuwa raia. Ni raia kwa kuzaliwa. Cheti cha 2021 kiliwapa kitu ambacho tayari kilikuwa chao, na kikawapa kikiwa kimepunguzwa. Mwanasheria wa Serikali atasema kwamba sheria iliyorudi nyuma hadi 1963 inamaanisha mama hakuwahi kuwa raia hata siku moja. Mimi nasema siku zile zilikuwepo. Mwaka 1980, mtu yeyote angefungua Katiba ya Kenya angemkuta humo. Bunge linaweza kuondoa haki kuanzia leo, lakini haliwezi kuifanya jana isiwe imetokea. Na Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 259 kinataka ifasiriwe kwa namna inayoendeleza haki za binadamu, haina sababu ya kuilinda hila ya 1985.

Majirani zetu wametuonyesha hila ya aina hiyo inakofikisha. Huko Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu zamani. Sheria ya 1981 ikaufuta. Vita vilivyofuata katika miaka ya 1990 vilikuwa na sababu nyingi, lakini swali la nani ni Mkongo lilikuwa kuni kavu, na halijazimika. Mwaka 2021 ukapelekwa mswada Kinshasa wa kutaka rais awe na baba na mama Wakongo wote wawili, na kila mtu akajua mlengwa ni mwanasiasa Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgiriki. Zambia iliweka sharti la wazazi wawili mwaka 1996 ili kumfungia njia Kenneth Kaunda, mtu aliyewaongoza miaka 27. Mwaka 1999 mahakama moja ikamtangaza hata si raia, na Mahakama ya Juu ikamrudishia uraia mwaka uliofuata. Sharti la nasaba likishawekwa, hupata mtu wa kulitumia.

Uganda ilifuata njia nyingine, na nadhani ina la kutufunza. Katiba yao ya 1995 inaorodhesha jamii za wenyeji waliokuwepo ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, na Wanyarwanda wamo katika orodha. Mnyarwanda wa Kisoro ni raia kwa kuzaliwa na anaweza kuwania urais wa Uganda. Ndugu yake, ambaye babu yao mmoja alipanda gari la kwenda Kericho, hawezi kuwania wa Kenya.

Wasiwasi wa utiifu nao nimeusikia sana, hasa kila habari za vita vya Goma, huko Kongo, zinapovuma. Lakini Katiba yetu inao ulinzi wa moja kwa moja. Kifungu cha 137(2) kinamzuia yeyote mwenye utiifu kwa nchi ya kigeni. Kifungu cha 78 kinawazuia maafisa wa Serikali kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa ubunge na uwakilishi wa wadi, sharti ni mtu awe amekuwa raia miaka kumi kabla ya uchaguzi; aliyeandikishwa 2021 atalazimika kungoja uchaguzi wa 2032. Muda wa kungoja unapima jambo linalopimika. Hata ukitaka miaka ishirini kwa mgombea urais, tunaweza kuzungumza. Lakini nasaba haipimi utiifu wa mtu yeyote, na mashamba haya yanalijua hilo kwa uchungu. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wachunaji wengi wa makabila mengine walikimbia humu kuokoa maisha. Walikuwa raia kwa kuzaliwa, wazazi wao raia, babu zao raia. Waliambiwa ni wageni vilevile. Kila tunapoandika kwenye sheria kwamba kuna Mkenya zaidi na Mkenya pungufu, tunampa mwenye rungu msamiati.

Kwa hiyo naona kazi mbili. Ya kwanza ni ya mahakama. Mahakama Kuu iko Kericho na iko Bomet, na Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi akidai Katiba imekiukwa, hata kwa niaba ya mwingine asiyeweza. Kijana mmoja aliyeandikishwa mwaka 2021, ambaye mama yake alizaliwa kwenye mashamba haya kati ya Desemba 1963 na 1985, aombe tamko moja tu: kwamba yeye ni raia kwa kuzaliwa. Hahitaji kutaka urais. Cheti cha kuzaliwa cha mama au kadi ya kliniki ya kampuni vitakuwa ushahidi wa kutosha kuanzia.

Hoja hiyo inawafikia watoto na wajukuu. Mama mwenyewe inamwacha nje, kwa kuwa wazazi wake hawakuwahi kuwa raia. Kwa ajili yake inahitajika kazi ya pili, ya Bunge: nyongeza ya sentensi moja katika Kifungu cha 14, kwamba mtu aliyeandikishwa kwa sababu hakuwa na utaifa, na ambaye yeye au mzazi wake alikuwa akiishi Kenya tarehe 12 Desemba 1963, atahesabiwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Uraia na sifa za mgombea urais hazimo kwenye orodha ya mambo yanayolazimu kura ya maoni chini ya Kifungu cha 255, hivyo thuluthi mbili katika Bunge la Taifa na vilevile katika Seneti zinatosha. Si kazi nyepesi. Sheria ya usawa wa jinsia imekwama kwenye thuluthi hizohizo mara nyingi, ndiyo maana nimeitanguliza mahakama. Hata hivyo Kericho ina wabunge sita wa maeneobunge, Bomet watano, na kila kaunti ina mwakilishi wa wanawake na seneta. Watakuja kwetu kuomba kura kabla ya Agosti 2027, na wengine watasimama kwenye viwanja vya nyumba za kampuni mbele ya watu hawahawa, ambao sasa wana kadi za kura. Waulizwe hapo, mbele yao, kama watauunga mkono mswada huo.